Mlingoti Aliyegoma Kurefuka

Mtoto wa mdogo wangu alipewa jina la Mlingoti akiwa na miaka kumi na mitatu, na wakati huo jina lilimkaa vizuri. Alikuwa ameshampita mama yake, ameshampita mwalimu wake wa hesabu, na alikuwa anamnyemelea baba yake. Suruali aliyonunuliwa mwanzoni mwa muhula ilikuwa inaonyesha vifundo vya miguu kabla muhula haujaisha. Nilimshauri mdogo wangu amwekee mtoto jiwe kichwani, huenda likapunguza kasi. Mdogo wangu ni mpishi katika jiko la hospitali, mtu wa subira, na utani wangu humchosha. Alinijibu kwamba mtoto ni wake na suruali ni zake, mimi nihangaike na vichwa vya wateja wangu.

Baba yake, shemeji yangu, ni seremala. Shemeji akifurahi hasemi sana. Huenda kutafuta mbao. Alianza na kitanda. Hakukipima kwa mtoto aliyekuwepo, alikipima kwa mtu ambaye mtoto yule angekuwa baada ya miaka mitano. Kilitoka kirefu kiasi kwamba hakikupita mlangoni, ikabidi akifungue vipande na kukiunga upya humo humo chumbani, na kabati la nguo likahamishiwa sebuleni ili kipate nafasi. Halafu akageukia mlango wa mbele. Aling'oa fremu ya zamani, akavunja matofali ya juu, akaweka fremu mpya ndefu ambayo mimi nikipita chini yake najiona kama mtoto wa chekechea. Majirani wakamuuliza anatarajia mgeni gani. Akawaambia hatarajii mgeni, anamtarajia mwanawe.

Kilichomtia wazimu huo ni mpira wa kikapu. Saluni yangu inatazamana na uwanja wa mtaa, ule ulio kati ya tangi la maji na uzio wa shule, lami yenye nyufa na ringi mbili ambazo moja tu ndiyo yenye wavu. Jumamosi ni siku ya wateja wengi, na ni siku ya ligi ya vijana pia. Kwa hiyo kwa miaka mingi nimesuka jicho moja likiwa kichwani kwa mteja na jingine dirishani. Kuna wanawake waliwahi kwenda harusini na mistari iliyopinda kwa sababu ya ligi ile, na hakuna hata mmoja niliyemrudishia hela yake.

Kazi ya Mlingoti katika timu ilikuwa moja: kusimama chini ya ringi, kuipa kisogo, na kunyoosha mkono juu. Mpira ukimfikia, hiyo ni pointi. Shida ilikuwa njiani. Mpira ulipita kwanza kwa mtoto wa fundi viatu, kafupi kepesi tuliyemwita Kiroboto, na Kiroboto aliupenda mpira kuliko alivyowapenda wenzake. Angeudunda huku na huku mpaka anyang'anywe, na muda wote huo Mlingoti amesimama mkono juu kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kwenda chooni kwa mwalimu asiyemwona.

Hata hivyo walishinda. Walishinda sana, kwa sababu katika umri ule mtoto mmoja mrefu anatosha. Shemeji alifunga karakana kila Jumamosi asubuhi akaja kusimama kando ya uwanja na penseli yake sikioni, na ukimsalimia ungemsikia akisema kwamba yule mrefu ni wa kwake, kana kwamba kulikuwa na warefu wawili. Baada ya mechi kijana alikuja saluni kunywa maji na kulalamika. Halalamiki kwamba hapati mpira, hilo alishalizoea. Analalamika kwamba akiupata unamfikia vibaya, mara magotini, mara nyuma ya sikio, mara wakati ameshageuka. Nilimwambia ashukuru Mungu, maana wengine wanafikiwa na madeni tu.

Kutangulia si kufika. Alipotimiza miaka kumi na mitano, alisimama kurefuka. Sisemi alipunguza kasi, nasema alisimama.

Shemeji alikuwa na desturi ya kumpima kwenye fremu ile mpya kila mwisho wa mwezi. Mwezi mmoja alama haikusogea, akasema kijana amekunja magoti. Mwezi uliofuata haikusogea, akasema tepu imevutika, akanunua nyingine. Tepu mpya ikasema maneno yale yale ya tepu ya zamani. Basi akaligeukia jiko la mdogo wangu, akataka maharage yaongezwe, na maharage yakaongezwa mpaka nyumba nzima ikamwomba aache. Mwishowe akapata neno lililomtuliza: kijana amepumzika tu, hajamaliza. Kila aliyeuliza aliambiwa hivyo. Hajamaliza. Nilimwambia, shemeji, hata basi likisimama sana kituoni abiria hushuka. Akaniambia mimi niendelee na rasta zangu.

Wenzake sasa ndio walioanza. Lile kundi lililokuwa likimfika kifuani lilimfika begani, halafu puani, halafu likampita bila hata kusalimia. Na aliyempita kuliko wote, najua mtadhani natia chumvi, alikuwa Kiroboto. Likizo moja tu alikwenda kwa bibi yake, akarudi na miguu ya mtu mwingine. Jina likabaki Kiroboto, na la wangu likabaki Mlingoti, kwa kuwa majina ya utani hayana ofisi ya kuyabadilisha. Nyumbani kwa shemeji likapita azimio ambalo hakuna aliyelitangaza: neno mfupi lisitamkwe. Na kusema kweli hakuwa mfupi, alikuwa kijana wa kimo cha kawaida kabisa. Lakini katika mchezo ule, kimo cha kawaida ndio ufupi.

Kocha wa timu ya vijana wakubwa alikuwa fundi bomba, mtu mwema mwenye filimbi iliyofungwa kwenye mkufu mmoja na funguo za kazi. Kwa mazoea alimpanga Mlingoti chini ya ringi kama zamani. Vijana wenye ndevu wakamsukuma kama wanavyosukuma mlango wa choo. Mechi chache zikapita hivyo, na fundi bomba, kwa upole, akamwonyesha benchi. Shemeji aliendelea kuja Jumamosi. Alisimama mahali pale pale na penseli yake, ila sasa aliangalia zaidi tangi la maji.

Siku moja katikati ya juma kijana aliingia saluni, akakaa kwenye kiti cha draya ambacho hakikuwa na mtu, akasema anaacha mpira. Mimi nilikuwa katikati ya kichwa cha nywele ndogo ndogo, kazi ambayo ukiiachia mkono imefumuka. Sikugeuka. Nilimuuliza, "Mwanangu, tukiondoa urefu, wewe unajua nini katika huo mchezo?"

Mteja wangu alinifinya goti. Watu wengi baadaye waliniambia yalikuwa maneno makali, na mimi nawajibu kwamba mtoto wa mdogo wangu ni mwanangu, na mwanangu simpaki sukari. Kijana aliokota kitana sakafuni, akakizungusha mkononi. Kisha akasema, "Najua kuusubiri mpira, mama mkubwa. Nimeusubiri miaka miwili mizima."

Nilicheka, na mteja akacheka, na yeye hakucheka. Alinyanyuka akatoka, na nikadhani mambo ya mpira yamekwisha.

Jioni hiyo hiyo baba yake naye alimwekea yake mezani. Msaidizi wake wa karakana alikuwa amehamia mji mwingine, oda zilikuwa zimelundikana, na alihitaji mtu. Alimwambia, "Cheza mpaka msimu wako wa mwisho wa vijana. Ukiisha na hakuna timu ya kulipwa iliyokuchukua, Jumatatu yake uje tufanye kazi. Siyo adhabu. Kazi ni nyingi na mimi ni mmoja." Lilikuwa neno la haki na kila mtu mezani alilijua hivyo. Kilichomtisha kijana ni kwamba hakuwa mbaya katika useremala. Alishawahi kutengeneza viti na vikakalika. Aliona kabisa jinsi ambavyo angeweza kuizoea randa, akazeeka akiwa fundi mzuri mwenye kinyongo.

Kumbe hakuacha. Kesho yake alikuja na mpira, akaniomba ukumbi wa nyuma ya saluni, ule mwembamba ninapoanika taulo. Alitaka kujifunza kudunda kwa mkono wa kushoto mahali ambapo mpira ukimponyoka unamrudia wenyewe. Nikakubali kwa sharti la kufagia nywele kila jioni. Mwaka huo mzima wateja wangu waliketi chini ya draya inayonguruma mbele, huku nyuma ukuta unagongwa du du du. Mmoja aliapa hatarudi tena. Alirudi, kwa sababu hakuna mwingine mtaani anayejua kumbana nywele bila kumtoa machozi.

Kudunda alikuweza. Pasi ndizo zilizomshinda mwanzoni. Alikuwa na mikono mizito ya karakana, na pasi yake ya kwanza ya maana ilimpata Kiroboto puani. Kiroboto ndiye aliyekuwa chini ya ringi sasa, kisogo kimegeuzwa, mkono juu, anasubiri, na sikujizuia kuona kwamba Mwenyezi Mungu naye ana utani. Mlingoti alimpelekea barafu, akakaa naye kwenye ubao wa benchi. Nilidhani anaomba radhi. Alikuwa anauliza swali.

Alimuuliza mpira anataka umfikie wapi.

Kiroboto hakuelewa. Mpira unafika unapofika. Mlingoti akarudia: mkono gani, juu au chini, upesi au polepole, ukiwa unatembea au umeshasimama. Kiroboto akafikiri, kisha akamwambia kwa aibu kidogo kwamba angependa uchelewe kidogo, mpaka miguu yote miwili ikanyage, kwa kuwa tangu arefuke ghafla hajaliamini goti lake la kushoto. Hajawahi kumwambia mtu hilo. Mlingoti akasema sawa. Halafu akainuka akamfuata mrefu mwingine, na mwingine, hadi akawamaliza. Huyu anautaka kifuani. Yule anautaka juu kabisa, mahali ambapo mikono ya wengine haifiki. Wote walicheka kwanza, kisha wote walijibu, na majibu yote akayatia kichwani.

Juu ya jambo hili familia yetu haijapatana mpaka leo. Mimi nasema alilipata saluni, kwa sababu kila kichwa kinachokaa mbele yangu nakiuliza kwanza: nibane au nilegeze, nianzie wapi, unalalia upande gani. Shemeji anasema hapana, ni la karakana, maana fundi wa kweli hatengenezi kabati kabla ya kumuuliza mwenye kabati anafungulia mkono upi. Mdogo wangu, ambaye huwa haingii katika ubishi wetu, aliingia katika huu. Alisema hospitali anapika kwa watu wasio na meno, na watu wa chumvi, na watu wasio na chumvi, na kabla hajainua sufuria ameshauliza kitanda hadi kitanda. Kuuliza si ujinga, akasema, na mtoto aliyanyonya hayo. Tukamwachia ushindi siku ile tu.

Timu ikabadilika. Haikubadilika kwa kelele. Ilianza tu kufunga mabao mepesi. Warefu wa fundi bomba, ambao mtaa mzima ulikuwa umeshawaita magogo, walianza kuonekana wana akili. Kiroboto alifunga mpaka baba yake, fundi viatu, akaanza kutembea kifua mbele. Na hakuna aliyemwangalia sana Mlingoti, kwa kuwa mtu anayefanya wengine waonekane haonekani mwenyewe. Msimu ulikuwa unaelekea ukingoni, ile Jumatatu ya baba inakaribia, na mimi nilikuwa na wasiwasi hata nikaanza kupandisha bei bila sababu.

Kisha klabu moja ya kulipwa ikampigia simu fundi bomba. Walikuwa na senta maarufu, mchezaji wa chini ya ringi, jitu waliloliita Ghorofa, na Ghorofa alikuwa anazeeka magoti. Walitafuta kijana mrefu wa kumsaidia. Walikuwa wamesikia kwamba kuna timu ya mtaa inayofanya maajabu, na kwamba siri yake ni kijana aitwaye Mlingoti. Basi huyo Mlingoti aje kwenye majaribio. Fundi bomba angeweza kueleza. Alichofanya ni kukohoa, akasema atakuja, akakata simu.

Shemeji aliposikia wanatafuta warefu aliondoka bila kuaga, akarudi na jozi ya viatu vyenye soli nene kama mkate. Kijana akavikataa. Wakabishana hadi baba akashuka kwenye soksi, jozi mbili tu, nani atajua. Kijana akazikataa na soksi. Tulikwenda watatu, yeye na baba yake na mimi.

Ukumbi wa klabu ulikuwa na sakafu ya mbao. Kitu cha kwanza alichofanya shemeji ni kuchuchumaa na kuipapasa kwa kiganja, akanong'ona kwamba aliyeipanga alikuwa fundi. Ukutani vijana walikuwa wamejipanga, wote warefu, wamesimama wima kama mbao zinazosubiri kuchaguliwa. Kocha msaidizi alipita akiwaita mmoja mmoja. Alipofika kwa Mlingoti alitazama juu ya vichwa vyetu, akatazama hadi mlangoni. Kijana akanyoosha mkono. Yule bwana akateremsha macho hatua kwa hatua, na mwisho wa safari akamkuta.

"Wewe ndiye Mlingoti?"

"Ndiye mimi, mwalimu."

Warefu wakaangua kicheko. Kocha msaidizi hakuwa mtu mbaya. Alijikuna shingo, akasema wamepotoshwa, lakini kwa kuwa ametoka mbali asirudi hivi hivi. Mtu wao wa kugawa mipira alikuwa ameteguka mguu. Kijana angeweza kukaa awarushie mipira wanaojaribiwa. Kuwarushia tu. Shemeji alikuwa ameshashika begi, shingo imemwiva kwa aibu. Nilimkamata shati nikamkalisha, na kifungo kimoja kikatoka.

Mlingoti hakurusha kitu. Alikwenda ukutani akaanza mwanzo wa mstari, kwa sauti ya chini, akiuliza. Mpira unautaka wapi. Wengine walimjibu kwa dharau, ila walimjibu. Alipomaliza mstari akamwendea Ghorofa, ambaye alikuwa amekaa pembeni na mifuko ya barafu magotini, mtu mkubwa hata akiwa ameketi. Akamuuliza na yeye, kwa adabu, kama anavyomuuliza mjomba wake kama atakunywa chai. Nilikuwa karibu, nikasikia jibu lake.

"Bega la kushoto, juu kidogo. Na usinipe nikiwa natembea." Akasogeza barafu gotini. "Nimecheza nusu ya umri wangu, kijana, na hakuna aliyewahi kuniuliza."

Majaribio yakaanza, na yakaleta balaa la furaha. Kila mrefu aliyeingia aling'ara. Wa kwanza aling'ara, wa pili akang'ara, hata yule mmoja ambaye kwa macho yangu ya saluni alikuwa mzito wa kuzaliwa alifunga na kufunga. Kocha mkuu, mwanamke mwembamba aliyepandisha miwani kwenye nywele zilizohitaji mkono wangu, alianza kwa kutabasamu na kuishia kwa kukunja uso. Amekuja kuchagua mmoja, na wote wanachagulika. Aliongea na msaidizi wake, wakavutana, wakarudia tena, na tena wote wakawa wazuri.

Ghorofa ndiye aliyeinuka na barafu zake. Aliwaambia wamtoe kwanza huyo kijana mwenye mpira, halafu watazame tena.

Kocha msaidizi akaushika mpira yeye. Alikuwa anajua mchezo, siwezi kumdharau, lakini alirusha kama watu wote wanavyorusha. Mpira mmoja ukamkuta mtu magotini. Mwingine ukampita sikio. Yule mzito akarudi kwenye uzito wake, na wale waliong'ara wakawa vijana warefu tu waliotoka jasho. Haikuchukua muda. Kocha mkuu alishusha miwani machoni, akamtazama kijana wetu aliyekuwa amesimama kando na mikono mitupu, akamwita.

Akamuuliza amejifunzia wapi haya.

"Nilikuwa mrefu zamani," Mlingoti akasema.

Ukumbi mzima ulicheka, na safari hii naye alicheka. Mimi nililia na kucheka pamoja, wanja ukanishuka hadi kidevuni. Nilipomgeukia shemeji nikamkuta anaangalia mbao za sakafu.

Walimchukua mrefu mmoja, na wakamwambia Mlingoti aje mazoezini bila ahadi yoyote. Msimu wa vijana ukaisha. Jumatatu ikafika, na yeye, bila kuambiwa, akaamka akaenda karakanani, kwa kuwa neno ni neno. Asubuhi alipiga randa, mchana alikwenda kwa Ghorofa na wenzake, jioni alirudi amechoka mpaka anasinzia na kijiko mdomoni. Baba mtu hakumsifu wala hakumzuia. Ila wateja wa karakana walikuwa wakiambiwa kwamba klabu inamwangalia, na kwamba bado hajamaliza. Neno lile liliniudhi sasa. Kijana alikuwa anajijenga kwa kile alichonacho, na baba yake bado anamngojea mtu mwingine.

Siku kocha mkuu alipopiga simu kusema aje kusaini mkataba, walikuwa wawili karakanani wakipiga msasa mlango. Kijana alimweleza baba yake pale pale. Shemeji alisikiliza hadi mwisho, akasema mlango una mwenyewe na aumalize kwanza. Wakaumaliza. Ndipo akaenda nyuma ya rundo la mbao kutafuta kitu, akakaa huko muda mrefu kuliko kitu chochote kinavyotafutwa.

Mechi yake ya kwanza ya kulipwa tulikwenda wote. Mdogo wangu aliomba ruhusa hospitali, mimi nilifunga saluni siku ya Jumamosi, jambo ambalo sikulifanya hata nilipoumwa. Fundi bomba alikuja na filimbi yake, na Kiroboto, ambaye kichwa chake kiliwaziba watu wa nyuma. Tulikaa nyuma ya bwana mmoja mnene tusiyemjua, mwenye mfuko wa karanga na maoni juu ya kila kitu. Mlingoti alikuwa benchini. Robo ya kwanza benchini, ya pili benchini, ya tatu benchini. Mdogo wangu akasema angalau kiti kinaonekana kizuri.

Zilipobaki sekunde chache walikuwa nyuma kwa pointi moja, na mgawaji wao mkuu akatolewa kwa kufikisha makosa matano. Kocha mkuu akageuka kwenye benchi, akanyoosha kidole. Mwanangu akainuka. Katikati ya watu wale alionekana mdogo kuliko nilivyowahi kumwona. Akaupokea mpira, akaudunda kwa kushoto, taratibu. Wapinzani wawili wakamjia. Nafasi ya kufunga mwenyewe ilikuwa wazi upande wa kulia, hata mimi niliiona, na yule bwana wa karanga akapiga kelele afunge, afunge. Chini ya ringi Ghorofa alikuwa ndiyo kwanza anatia mguu wa pili chini.

Mpira ukatoka. Ukamkuta Ghorofa bega la kushoto, juu kidogo, amesimama. Hakuhitaji kufanya chochote ila kugeuka, akageuka, ukaingia, na kengele ikalia.

Ukumbi ulipasuka. Watu waliruka wakiliimba jina la Ghorofa, wakamwita Ghorofa hadi mabati yakatikisika, na Ghorofa katikati ya kelele zote alikuwa anamtafuta mtu wa kumkumbatia, anatazama chini, hamwoni. Jina la mwingine halikutajwa na mtu. Mdogo wangu alikuwa amefunika uso kwa kanga yake. Bwana wa karanga, karanga zote zimemwagika, akamuuliza jirani yake ni nani aliyetoa pasi ile, maana pasi ile haikuwa ya kawaida.

"Yule mpya," jirani akajibu. "Yule mfupi."

Nilimtazama shemeji. Nilijua linalokuja, lile hajamaliza lake, nikawa nimeshalichukia kabla halijatoka. Shemeji alisimama polepole, akainama, akamgusa bwana wa karanga begani.

"Yule mfupi," akasema, "ni wangu."

Bwana wa karanga akampa mkono, akamwambia hongera, mzee. Shemeji akaketi akilia waziwazi, na mimi na mdogo wangu tukamwacha alie.